Minazi ilikula biti za Bibi

Siku nyingi sijaandika, na wengine mmenitumia meseji mkiuliza kama nimehama chuo. Sijahama, nipo hapa hapa Tanga, ila mitihani ilitubana, na hata ilipokwisha nilikuwa na jambo moja ambalo kila nikikaa kuliandika mkono unakuwa mzito. Leo umeme upo, mwenzangu wa chumbani kaenda kwao Muheza, hosteli imetulia. Nikasema liwalo na liwe, naandika.

Jambo lenyewe ni video. Video ya Bibi yangu mzaa baba, akisuka ukili. Na jinsi nilivyoiharibu kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kubonyeza vitufe viwili tu.

Ilikuwa Julai 2023, likizo ndefu, mi nikiwa nimemaliza mwaka wa kwanza. Tulikuwa na kazi ya kundi kwenye somo la mbinu za kufundishia: tafuteni zana ya kufundishia inayotoka kwenye mazingira ya mwanafunzi. Sisi wa Hisabati tukaangukia mada ya ruwaza. Watu wakaanza kutaja vizibo vya soda, sijui mawe, sijui vijiti. Mi nikajifanya mjuaji, nikasema jamani, Bibi yangu anasuka mikeka huko Pangani, ule ukili ni ruwaza tupu, nitaenda kumrekodi. Kundi zima likapiga makofi maana lilikuwa limepata mtu wa kufanya kazi.

Basi nikapanda gari, Tongoni hiyo, Kigombe hiyo, mpaka Pangani, nikavuka kivuko kwenda Bweni anakokaa Bibi. Nikamkuta uani, chini ya minazi, ana fungu la ukindu pembeni limeshachanwa na kutiwa rangi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mume wangu. Umeniletea nini huko mjini?"

"Sukari, na simu ya kukupiga picha."

Akacheka. Akauliza hiyo picha itakaa wapi, nikamwambia humu humu ndani ya simu. Akauliza, "Na ikijaa je?" Nikamwambia haijai hii Bibi, ni kubwa. Nawaambieni ukweli, swali hilo la mwanamke ambaye hajawahi kushika kompyuta ndilo lilikuwa swali la maana kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule.

Nikaegemeza simu kwenye ndoo, nikaicha irekodi dakika 40. Bibi anasuka huku anaeleza: chane hii inapita juu ya mbili, inazama chini ya moja, inarudi. Upepo wa kusi unavuma, makuti yanacheza nyuma yake, kuku anapita, jirani anasalimia. Nikaondoka siku ya pili nikiwa na furaha zangu.

Sasa tuje kwenye hesabu, na wale wa Sanaa mnisamehe, nitakwenda polepole.

Video ina kitu kinaitwa bitireti, yaani biti ngapi zinatumika kuelezea kila sekunde moja. Ukiijua bitireti unaijua saizi ya faili: zidisha kwa sekunde, gawanya kwa nane kwa sababu baiti moja ni biti nane. Simu yangu ilirekodi kwa megabiti 17 hivi kwa sekunde. Dakika 40 ni sekunde 2,400. Kwa hiyo 17 mara 2,400 gawanya kwa 8, unapata MB 5,100. GB 5 na kidogo.

Mwenyekiti wa kundi akasema kwenye WhatsApp: isizidi MB 100, watu hawana bando. Na mi sikumbishia, si unajua hali ya mwisho wa muhula. Nikageuza hesabu: MB 100 mara 8 gawanya kwa 2,400, inabaki kilobiti 333 kwa sekunde, sauti na picha kwa pamoja. Programu niliyotumia ilikuwa imeiwekea sauti kilobiti 64, sikuigusa, wala si kwa akili, sikujua tu inabadilishwa wapi. Picha ikabakiwa na kilobiti 269. Programu yenyewe ikanishauri nishushe picha iwe pikseli 426 kwa 240, nikakubali. Ikachakata usiku kucha, asubuhi nikaiangalia harakaharaka kwenye simu, kidirisha kidogo. Bibi anaonekana, mikono inakwenda, sauti inasikika. Safi. Nikarusha kwenye kundi.

Halafu simu ikaniandikia nafasi imejaa. Nikaifuta ile ya GB 5.

Tulipata alama nzuri tu kwenye ile kazi. Hakuna aliyelalamika, maana hakuna aliyekuwa anataka kujifunza kusuka. Walitaka kuona tu kwamba kuna bibi, kuna mkeka, kuna ruwaza. Kwa kazi ile, kilobiti 269 zilitosha kabisa. Hapo ndipo mtego ulipo, na nitaurudia baadaye.

Januari 2024 Bibi akatutoka. Mungu amlaze mahali pema.

Alikuwa ameacha mkeka nusu. Si mkeka wa kuuza. Ulikuwa wa binti wa shangazi, ambaye mi namwita dada maana kanizidi miaka mitatu, harusi yake ilipangwa baada ya Idi. Bibi aliapa kwamba chumba cha mjukuu wake hakitatandikwa mkeka wa dukani. Ukili ulikuwa umefika pima nane, na zilitakiwa pima kumi na mbili. Shangazi anajua kusuka, lakini ukili wa kawaida. Ule wa Bibi, wenye rangi mbili zinazobadilishana pembeni, aliujua Bibi peke yake. Shangazi alikuwa akiuona tangu utotoni, hakuwahi kukaa kuusuka, alidhani muda upo. Na sisi wote tulidhani hivyo hivyo.

Baada ya arobaini, siku chache kabla ya Ramadhani, Shangazi akanipigia simu.

"Baba, si ulimpiga picha mama akisuka? Hebu tuletee hiyo video."

Nikasema sawa Shangazi, ninayo. Nikaifungua kwenye laptopu ya jamaa, safari hii kwa kioo kikubwa. Jamani... uji. Mikono ya Bibi ilikuwa viboksi vya rangi ya kahawia vinavyoteleza juu ya viboksi vingine. Chane hazikuonekana kabisa. Ukili wote umekuwa utepe mmoja wa rangi ya waridi iliyofifia. Nikaisimamisha, nikasogeza sekunde kwa sekunde, nikakaza macho mpaka yakauma. Hesabu chane? Hata kumi haifiki, na zilikuwa kumi na saba.

Halafu nikaona kitu ambacho ndicho kilichonikata maini. Nyuma ya Bibi, makuti ya minazi yalikuwa yanaonekana vizuri kuliko vidole vyake.

Nikaenda kusoma ni kwa nini, na hiki ndicho nilichokielewa, nakiweka hapa kwa ajili ya mtu mwingine ambaye kesho atampiga picha bibi yake.

Programu ya kubana video haihifadhi kila picha nzima. Inahifadhi picha moja kamili, kisha zinazofuata inaandika tu kilichobadilika. Ukuta haubadiliki, kwa hiyo ukuta ni bure, unaandikwa mara moja basi. Lakini kitu kinachotikisika bila mpangilio, kama makuti kwenye upepo, mawimbi, mvua, hicho kila mara ni kipya, na kila mara kinadai biti zake. Biti ni zile zile 269,000 kwa sekunde, hazina nyongeza. Programu haimjui Bibi wala haiujui mnazi. Inagawa kwa anayetikisika zaidi. Kusi ilikuwa inavuma, basi minazi ikala.

La pili, ndani ya kila kiboksi cha picha, kinachotupwa kwanza ni vitu vidogo vidogo: mistari myembamba, tofauti ndogo ndogo. Chane ya ukindu ni nini kama si mstari mwembamba? Na la tatu, rangi. Jicho la binadamu linaona mwanga na giza vizuri kuliko linavyoona rangi, kwa hiyo video nyingi huhifadhi rangi kwa robo tu ya nafasi: pikseli nne zinagawana rangi moja. Ukishashusha picha mpaka 426 kwa 240, rangi inabaki 213 kwa 120. Chane nyekundu iliyolala kando ya chane nyeupe haina pa kujificha, zinachanganyika, unapata waridi.

Nikamkumbuka mtambo wa katani. Sisi watu wa Tanga tumekulia kwenye katani, tunajua ilianzia huku huku kwetu, Mjerumani Richard Hindorf aliileta mwaka 1893 na ikapandwa Kikokwe, karibu na Pangani. Mwenye kuona jani la katani likiingia kwenye korona anajua kinachotoka: nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Asilimia 96 ni maji na makapi, yanamwagwa. Kubana video ni korona. Na kumbe simu yenyewe ni korona ya kwanza! Nilipiga hesabu: video ya pikseli 1920 kwa 1080, fremu 30 kwa sekunde, ikiachwa bila kubanwa ni MB 93 kila sekunde. Dakika 40 za Bibi zingekuwa GB 224. Simu yangu ilitoa GB 5. Yaani ilishatupa karibu asilimia 98, na macho yangu hayakudai chochote. Kisha mi nikachukua zile nyuzi nikazirudisha tena kwenye korona, nikabakiza asilimia 2 ya ile asilimia 2.

Lakini kuna jambo kuhusu makapi ya katani. Kwa miaka na miaka yalimwagwa yakanuka, mpaka miaka ya 2000 pale Hale wakajenga mtambo wa kuyageuza kuwa biogesi na umeme. Kumbe yalikuwa makapi kwa aliyetaka kamba tu. Na hivyo hivyo, chane zilikuwa makapi kwa kundi letu la Hisabati. Kwa Shangazi zilikuwa ndiyo video yenyewe.

Hapo nikaelewa ule mtego niliousema. Ukichagua bitireti unaamua kwa niaba ya mtu mwingine ni nini hatakikosa. Na mara nyingi mtu huyo hujamuuliza. Mara nyingine hata hajajijua kwamba siku moja atakihitaji.

Basi nikaenda. Njia nzima nilikuwa najitungia maneno, mara nimsingizie memori kadi, mara niseme simu iliibiwa. Kwenye kivuko nikaamua kusema ukweli. Nikamwambia Shangazi: niliibana ili iwe ndogo, ile nzima nikaifuta, na iliyobaki haionyeshi kitu. Shangazi akaniangalia muda mrefu. Akauliza, "Kwa nini uliifuta?" Nikasema simu ilijaa. Dada akatoka nje. Hakuna aliyenigombeza, na afadhali wangenigombeza.

Baadaye Shangazi akasema, "Iwashe tuione hivyo hivyo." Nikaiwasha, nikaunganisha na spika ndogo. Wakaangalia kidogo wakaacha, inaumiza macho. Ila hawakuizima. Wakawa wanasikiliza.

Na sauti ilikuwa nzima wadau. Kilobiti 64 kwa sauti ya mtu mmoja ni nyingi tu. Kila neno la Bibi linasikika, hata anavyovuta pumzi kabla ya kuhesabu. Juu ya mbili, chini ya moja, irudishe. "Hii nyekundu usiiruke mume wangu, ukiiruka hapa utaijutia huko mbele." Shangazi akainuka, akaleta ule ukili wa pima nane, akaushika mwishoni pale Bibi alipoachia, chane zikiwa bado zimening'inia. Akaanza kufuata sauti kwa kidole. Akasema rudisha. Nikarudisha. Rudisha tena. Tulikaa hivyo mpaka adhana ya Alasiri.

Katikati ya ukili waliipata. Pembeni, pale rangi zinapobadilishana, hawakuipata, maana pale Bibi hakusema kwa maneno. Alisema tu "halafu unafanya hivi." Kila mwalimu aliyewahi kufundisha anaijua "unafanya hivi". Mkono ndio unaoeleza. Na mkono nilikuwa nimeutupa.

Ikabaki njia moja: kuufumua ukili wa Bibi kidogo, ili kuona zile chane zilikuwa zimepitaje. Kazi ya mwisho ya mikono yake. Shangazi hakutaka. Akaondoka akaenda kuswali, akarudi, akakaa kimya. Kisha akasema shibiri moja tu, isizidi. Akafumua polepole, chane moja moja, dada akiandika kwenye daftari kila hatua, mi nikiwa nimeshika tochi ya simu. Mlolongo ule wa kufumua ukausoma kinyume ndio ukawa wa kusuka. Shibiri ile waliisuka tena mara nne kabla haijakaa.

Mkeka ulimalizika, na harusi ilifanyika baada ya Idi. Ukiuangalia vizuri unapaona Bibi alipoishia na Shangazi alipoanzia, mkono wa Shangazi unakaza zaidi. Dada alikataa mahali hapo pafichwe upande wa ukutani.

Sasa nini cha kufanya? Mwezi wa sita mwaka ule ule nilirudi Bweni, safari hii kumrekodi Shangazi, na nilikwenda na hofu ya Mungu. Niwaambie nilivyofanya.

Kwanza, nilimkalisha mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Hakuna mnazi. Biti zote kwa mikono. Simu nikaifunga kwenye stuli, isitikisike hata chembe, maana simu ikitikisika picha nzima inakuwa mpya na kila pikseli inadai chake.

Pili, niliuliza. Nilitaka kuweka simu mbele ya Shangazi kama nilivyofanya kwa Bibi, dada akasema, "Mbona unaonyesha kutoka mbele? Anayejifunza anakaa nyuma yake, aione mikono kama yake mwenyewe." Nikapandisha simu juu ya bega. Hilo hakuna bitireti duniani ingelirekebisha, na mi nasomea ualimu, lilipaswa kunijia mwenyewe.

Tatu, nilijaribu kabla ya kuamua. Nilichukua dakika moja, nikaibana kwa H.264 mara tatu: kilobiti 500 kwa picha ya mistari 360, megabiti 1.5 kwa mistari 720, na megabiti 3 kwa mistari 720. Nikampa dada kwenye simu yake, bila kumwambia ipi ni ipi. Sikumuuliza ipi nzuri, maana watu wakiulizwa hivyo wanasema zote nzuri. Nilimwambia: hesabu chane. Ya kwanza hakuweza. Ya pili na ya tatu alihesabu kumi na saba zote mbili. Basi ya pili inatosha, yenye MB 12 hivi kwa dakika pamoja na sauti. Nikajaribu na H.265, ambayo ilitoka 2013 na inaweza kufikia ubora ule ule kwa biti chache, karibu nusu mambo yakienda vizuri. Ilikuwa nzuri kwangu, ila simu ya dada ya zamani ikawa inakwamakwama. Nikaiacha. AV1 ya 2018 ni ya bure na inabana zaidi, lakini simu nyingi za mtaani kwetu bado zinahangaika nayo. H.264 ina umri tangu 2003 na karibu kila kitu chenye kioo kinaicheza. Si mpya, si ndogo kuliko zote, ila inafunguka mkononi mwa mtu uliyemkusudia, na hilo ndilo kubwa.

Kwa wanaotaka kuongeza ujuzi: kama saizi haijalishi sana, programu nyingi zina namna ya kukuachia uchague ubora, nayo yenyewe itumie biti inavyohitaji, nyingi kwenye sehemu ngumu, chache kwenye nyepesi. Kama lazima faili litoshe MB fulani, chagua ile inayopita mara mbili: mara ya kwanza inaisoma video nzima kujua wapi pagumu, mara ya pili ndipo inagawa. Ni kama kupanga ratiba baada ya kusoma silabasi yote. Inachukua muda, laptopu inachemka, vumilia.

Nne, na hili naomba mlishike hata kama mengine yote mmeyaruka: ile ya kwanza haifutwi. Ya kutuma ni ya kutuma, ya kutunza ni ya kutunza, ni faili mbili tofauti. Ile nzima ya Shangazi iko kwenye diski ya nje hapa kwangu, nakala nyingine kwenye flashi kabatini Bweni, na nyingine kwa mjomba Tanga mjini. Flashi zinakufa, simu zinaibiwa, tatu ndiyo namba yangu sasa.

Siku ile nikiweka flashi kabatini kwa Bibi nilikuta CD ya harusi ya ami mwaka 2005. Nikaichukua nikaiwasha. VCD hiyo, wazee wa zamani mnaikumbuka: mfumo wa MPEG-1 wa mwaka 1993, picha ya pikseli 352 kwa 288, kilobiti 1,150 kwa sekunde, dakika 74 CD imejaa. Teknolojia ambayo sisi tunaicheka. Bibi yumo mle, kavaa kanga mpya, anacheza na wenzake, uso unaonekana, anacheka mpaka pengo lake naliona. Mtu wa studio, ambaye hata simjui, miaka ile na mashine yake ya kizamani alimpa Bibi yangu biti mara nne ya nilizompa mi, mjukuu wake, mwaka 2023. Ndiyo, H.264 inazitumia biti vizuri zaidi, najua, msinisahihishe. Lakini mara nne.

Sauti ya Bibi bado ninayo, ile ya uji. Sijaifuta na sitaibana tena. Jioni nyingine naiwasha bila kuangalia kioo, nikiwa nimelala, nasikia makuti na kuku na "usiiruke mume wangu".

Kama una mzee nyumbani anayejua kitu ambacho wengine hawakijui, wiki hii kabla ya fildi mpelekee simu. Mkalishe mbele ya ukuta. Na akikuuliza ikijaa je, usicheke, mjibu.

Haya, tuonane panapo majaliwa. Kesho nina semina asubuhi na sijasoma hata ukurasa mmoja.